Chipu za kompyuta hupimwaje kabla ya kufika madukani?

Kila kompyuta inayouzwa katika maduka ya Kampala, iwe mpya ndani ya boksi au iliyokwisha kutumika ng'ambo, ina kipande cha silikoni kilichopimwa kwa miezi mingi kabla ya kuruhusiwa kutoka kiwandani. Kipande hicho ndicho kichakataji, yaani sehemu inayofanya hesabu na kutekeleza amri zote. Karibu nacho ipo chipseti, yaani chipu saidizi inayokiunganisha kichakataji na diski, kibodi, mtandao na vifaa vingine.

Benki, hospitali, ofisi za kodi na huduma za pesa kwa simu nchini Uganda hutegemea vifaa hivyo, lakini vichakataji vyenyewe hutengenezwa ng'ambo. Mtumiaji wa Kampala hana budi kuamini vipimo vilivyofanywa mbali naye na watu asiowajua. Makala haya yanaeleza jinsi vipimo hivyo vinavyofanywa, vinaweza kuthibitisha nini, na kwa nini hata kampuni kubwa zimewahi kuuza chipu zenye kasoro.

Kupima kitu ambacho bado hakijatengenezwa

Kazi ya kupima huanza kabla chipu yenyewe haijakuwapo. Wahandisi huandika muundo wa kichakataji kwa lugha maalumu inayofanana na ile ya kuandikia programu, kisha kompyuta nyingine hutumiwa kuiga chipu hiyo. Chipu ya kuigwa hupewa amri, na majibu yake hulinganishwa na yale yanayotarajiwa. Uigaji huo huenda polepole mno ukilinganishwa na chipu halisi. Kwa sababu hiyo kampuni hutumia pia mashine kubwa zenye saketi zinazoweza kupangwa upya, ambazo huuendesha muundo huo kwa kasi zaidi, na hata kuwasha mfumo endeshi mzima juu yake.

Uangalifu huu una sababu. Muundo ukishakubaliwa, hupelekwa kiwandani na kuchorwa kwenye vibao ambavyo mwanga hupitishwa kwavyo ili kuichapa saketi kwenye silikoni. Hatua hiyo hugharimu mamilioni ya dola na kuchukua miezi. Kosa linalogunduliwa mapema husahihishwa kwa mistari michache ya maandishi; likigunduliwa baada ya hapo, huenda vibao vikahitaji kutengenezwa upya.

Hata hivyo, hakuna awezaye kujaribu kila kitu. Kichakataji cha kisasa hujumlisha namba mbili zenye biti 64 kila moja. Idadi ya jozi zote zinazowezekana za namba hizo huandikwa kwa tarakimu 39. Mashine inayojaribu jozi bilioni 1 kwa kila sekunde ingehitaji miaka ambayo idadi yake huandikwa kwa tarakimu 23, na hilo ni tendo moja tu la kujumlisha.

Kwa hiyo wahandisi hulazimika kuchagua. Hujaribu hesabu zilizo mipakani, kama vile sifuri na namba kubwa kuliko zote. Huzalisha amri za kubahatisha kwa mabilioni. Na kwa sehemu nyeti hutumia uthibitisho wa kihisabati, unaoonyesha kwa hoja kwamba saketi haiwezi kutoa jibu jingine ila lililo sahihi.

Funzo la mwaka 1994

Njia hiyo ya uthibitisho wa kihisabati ilipata uzito mkubwa baada ya tukio ambalo wahandisi hulitaja hadi leo. Mwaka 1994, Thomas Nicely, profesa wa hisabati katika Chuo cha Lynchburg, jimbo la Virginia nchini Marekani, alikuwa akitafiti namba tasa alipoona kwamba kompyuta yake yenye kichakataji cha Pentium cha kampuni ya Intel ilitoa majibu yasiyolingana na ya kompyuta nyingine. Baada ya kuondoa sababu nyingine zote, aliwaandikia wenzake mwezi Oktoba mwaka huo kuwaeleza alichokiona.

Kosa lilikuwa katika kugawanya. Pentium ilitumia jedwali lililochapwa ndani ya silikoni ili kuharakisha hesabu hizo. Kati ya nafasi 1,066 za jedwali hilo zilizopaswa kujazwa, 5 zilikuwa zimeachwa bila thamani yake. Mfano uliojulikana sana ni wa kugawanya 4,195,835 kwa 3,145,727. Jibu sahihi huanza na 1.3338, lakini kichakataji hicho kilitoa 1.3337.

Intel ilikuwa imekwisha kuliona kosa hilo, lakini ilidhani kwamba mtumiaji wa kawaida hangekutana nalo ila mara moja katika maelfu ya miaka. Wateja hawakuridhika na hoja hiyo. Tarehe 20 Desemba 1994 kampuni ilikubali kumbadilishia kichakataji kila aliyetaka, na gharama yake ilifikia dola milioni 475 za Marekani. Maelfu ya vipimo vilikuwa vimefanyika, ila hakuna kilichogusa nafasi zile 5.

Silikoni ya kwanza yafika maabara

Vipande vya kwanza vinapotoka kiwandani, hupelekwa katika maabara ya kampuni iliyobuni chipu. Hapo huwashwa kwa mara ya kwanza, na wahandisi huangalia kama mfumo endeshi unaanza, kama kumbukumbu inasomeka, na kama sehemu zote zinawasiliana. Kisha huongeza na kupunguza volteji, joto na kasi ili kujua mahali ambapo chipu huanza kukosea. Kiwango cha kuuzia huwekwa mbali kidogo na mpaka huo, ili pawepo na akiba ya usalama.

Chipseti nayo hupimwa hapa, na kazi yake kubwa ni utangamano. Chipseti inapaswa kufanya kazi na kumbukumbu, diski na kadi za kampuni nyingi tofauti, zikiwamo ambazo mtengenezaji hana mamlaka nazo. Kwa hiyo sampuli za awali hutumwa kwa makampuni yanayotengeneza ubao mama na kompyuta kamili, ili nayo yajaribu bidhaa zao.

Toleo la kwanza la silikoni mara nyingi huwa na kasoro. Muundo hurekebishwa, na toleo jipya hupewa alama yake, mathalani A0, B0 au B3. Kasoro ndogo zinazobaki huorodheshwa katika waraka ambao kampuni huutoa kwa umma, zikiambatana na maelekezo ya namna ya kuzikwepa. Karibu kila kichakataji kilichowahi kuuzwa kina waraka wa namna hiyo.

Kutoka kisahani hadi daraja la bei

Muundo ukishapita, uzalishaji wa wingi huanza. Chipu huchapwa kwa mamia juu ya kisahani chembamba cha silikoni, ambacho kwa viwanda vingi vya vichakataji huwa na kipenyo cha milimita 300. Kabla ya kisahani hicho kukatwa, sindano nyembamba hugusa kila chipu na kupitisha umeme. Zilizokufa huwekewa alama na kuachwa, kwa kuwa hakuna faida ya kugharimia ufungashaji wa kipande kibovu.

Chipu nzima hufungwa katika ganda lake na kupimwa tena kwa mashine za kujiendesha. Baadhi ya bidhaa hupitishwa katika tanuri kwa joto na volteji iliyozidi kawaida. Lengo ni kuzifanya chipu dhaifu zife kiwandani badala ya kufa mikononi mwa mteja, kwa kuwa uzoefu unaonyesha kwamba kasoro nyingi za utengenezaji hujitokeza mapema katika uhai wa kifaa.

Hatua hii pia ndiyo inayoamua jina na bei. Chipu zilizochapwa kwa muundo mmoja hazilingani kabisa. Moja huvumilia kasi kubwa, nyingine hupata joto mapema, na nyingine huwa na sehemu moja isiyofanya kazi. Kampuni huzipanga kwa madaraja kulingana na matokeo ya vipimo. Mwaka 2008, kampuni ya AMD iliuza vichakataji vya Phenom X3 vyenye viini 3, vilivyotokana na muundo wa viini 4 ambapo kiini kimoja kilikuwa kimezimwa. Hakukuwa na udanganyifu hapo, kwani mteja aliuziwa alichoahidiwa kwa bei ya daraja hilo.

Kwa maneno mengine, jina lililoandikwa juu ya kichakataji ni matokeo ya mtihani. Ndiyo maana kufuta maandishi hayo na kuandika daraja la juu ni ulaghai. Anayenunua chipu ya namna hiyo hununua ahadi ya kipimo ambacho hakikufanyika.

Kupima miaka kwa muda wa wiki

Swali gumu zaidi kiwandani si kama chipu inafanya kazi leo, bali kama itafanya kazi baada ya miaka mitano. Hakuna kampuni inayoweza kusubiri muda huo. Wahandisi hutumia joto kuharakisha uzee. Katika kipimo kimoja kinachotumiwa sana, sampuli huendeshwa kwa saa 1,000, karibu wiki 6, kwenye nyuzi joto 125 za Selsiasi. Viwango vya shirika la JEDEC huelekeza kuchukua vipande 77 kutoka katika kila moja ya mafungu 3 ya uzalishaji, bila hata kimoja kushindwa. Chipu za magari hupimwa kwa viwango vikali zaidi, kwa sababu hukaa karibu na injini na breki ambako kosa linaweza kugharimu maisha.

Sampuli, hata hivyo, hubaki kuwa sampuli. Mwezi Januari 2011 Intel ilianza kuuza kizazi cha pili cha vichakataji vya Core pamoja na chipseti mpya. Tarehe 31 ya mwezi huohuo ilitangaza kusimamisha upelekaji wa chipseti hiyo. Transista moja katika saketi inayoongoza mapigo ya bandari za diski ilikuwa ikipewa volteji kubwa kuliko iliyostahili. Chipseti ilipita vipimo na kufanya kazi vizuri siku ya kwanza, lakini kadiri muda ulivyopita bandari 4 kati ya 6 zingeweza kudhoofika na hatimaye kushindwa kuwasiliana na diski. Kampuni ilikadiria kwamba ukarabati na ubadilishaji ungeigharimu dola milioni 700, na mauzo yangepungua kwa dola milioni 300.

Kichakataji chenyewe hakikuwa na tatizo. Tukio hilo lilionyesha kwamba chipu saidizi, ambayo wanunuzi wengi hawajui hata jina lake, inaweza kuisimamisha kompyuta nzima.

Wahandisi wa Uganda na kipimo kisicho na marudio

Uganda haitengenezi vichakataji, lakini wahandisi wake wamewahi kuwa upande wa wanaopima. Setilaiti ya kwanza ya nchi, PearlAfricaSat-1, ilijengwa na Bonny Omara, Edgar Mujuni na Derrick Tebusweke katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu nchini Japani. Ilirushwa tarehe 7 Novemba 2022 kutoka Virginia, na kuachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu tarehe 2 Desemba mwaka huo.

Setilaiti ndogo za aina hiyo kwa kawaida hutumia chipu zilizotengenezwa kwa ajili ya vifaa vya kawaida. Chipu hizo zimepimwa na mtengenezaji wake kwa mazingira ya duniani, si ya angani. Kwa hiyo wajenzi wa setilaiti huanza upya. Huitikisa kama roketi itakavyoitikisa, huiweka katika chumba kisicho na hewa, na kuibadilishia joto na baridi mara kwa mara. Simu iliyoharibika hurudishwa dukani, lakini setilaiti iliyokwisha kurushwa hairudi.

Kanuni ni ileile kwa vifaa vinavyotumika mjini. Cheti cha kipimo hudumu ndani ya mipaka ya mazingira yaliyopimwa. Kompyuta iliyopimwa ikiwa na feni safi na umeme tulivu haijapimwa ikiwa na feni iliyozibwa na vumbi jekundu, au umeme unaopanda na kushuka kila jioni.

Yale ambayo vipimo havioni

Vipimo vingi huuliza swali moja: je, jibu ni sahihi? Mwezi Januari 2018 watafiti walitangaza udhaifu ulioitwa Meltdown na Spectre. Vichakataji vilivyohusika vilitoa majibu sahihi, lakini katika kufanya kazi zao kwa haraka viliacha nyayo ambazo mdukuzi angeweza kuzifuata ili kusoma siri kama nywila. Muundo huo ulikuwa umetumika kwa miaka mingi bila kipimo chochote kuugundua, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameuliza swali hilo.

Mwaka 2021, wahandisi wa Google na wa Facebook walieleza tatizo jingine katika vituo vyao vya data. Waliona kwamba baadhi ya viini vya vichakataji, vichache kati ya maelfu ya mashine, hukosea hesabu kimyakimya bila kutoa onyo lolote. Katika mfano mmoja wa Facebook, kiini kibovu kilipaswa kupata 156 kwa kuzidisha 1.1 kwa yenyewe mara 53 na kuondoa desimali, lakini kilitoa sifuri. Kwa sababu ya sifuri hiyo, mfumo uliamini kwamba faili fulani ni tupu, na data ikapotea. Mhasibu wa benki au daktari anayesoma matokeo ya maabara hana njia ya kuliona kosa kama hilo kwa macho.

Mwaka 2024 Intel ilikiri tena kwamba baadhi ya vichakataji vyake vya kompyuta za mezani, vya kizazi cha 13 na cha 14, vilikuwa vikipokea volteji iliyozidi na kuzeeka mapema. Ilitoa marekebisho ya maikrokodi, yaani maelekezo ya ndani ya kichakataji, na kurefusha dhamana kwa miaka 2. Marekebisho hayo huzuia madhara mapya, lakini hayaiponyi chipu iliyokwisha kuharibika.

Nani anapima barani Afrika?

Kazi ya kufungasha na kupima chipu imekuwa mlango wa nchi nyingi kuingia katika sekta hii. Intel ilifungua kiwanda chake cha kwanza nje ya Marekani huko Penang, Malaysia, mwaka 1972, na leo jimbo hilo ni mojawapo ya vitovu vya kazi hiyo duniani. Barani Afrika, kampuni ya STMicroelectronics ina kiwanda cha kufungasha na kupima chipu huko Bouskoura, karibu na Casablanca nchini Morocco.

Katika Afrika Mashariki, kampuni ya Semiconductor Technologies Limited inafanya kazi katika eneo la sayansi na teknolojia la Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, mjini Nyeri nchini Kenya. Mwezi Mei 2024, wakati wa ziara ya Rais William Ruto mjini Washington, Marekani ilitangaza kushirikiana na Kenya katika kukuza sekta hiyo.

Hapa Uganda, Tume ya Mawasiliano, UCC, huidhinisha aina za vifaa vya mawasiliano kabla havijauzwa, na Shirika la Viwango la Taifa, UNBS, lina mpango wa kukagua bidhaa katika nchi zinakotoka. Ukaguzi huo hulinda mawimbi ya redio, usalama wa umeme na ubora wa jumla. Haukusudiwi kurudia vipimo vya ndani ya chipu.

Mnunuzi afanye nini?

Kwanza, asome namba nzima ya kichakataji, si jina la familia pekee. Core i5-2400 ni ya kizazi cha 2, na Core i5-12400 ni ya kizazi cha 12; miaka 11 imepita kati yake. Maneno "ni i5" peke yake hayatoshi kupanga bei.

Pili, alinganishe namba iliyobandikwa nje na ile inayoonyeshwa na kompyuta yenyewe katika mipangilio yake. Zikitofautiana, aombe maelezo kabla ya kulipa. Kichakataji cha Intel chenye maneno yanayokitaja kuwa cha siri ni sampuli ya majaribio, iliyokusudiwa kwa maabara, na hakipaswi kuuzwa.

Tatu, aiache kompyuta ifanye kazi nzito kwa muda, mathalani kucheza video kadhaa kwa pamoja, huku akisikiliza feni na kuangalia kama inazimika ghafla. Joto hufichua mengi ambayo dakika moja ya kuwasha haifichui.

Nne, adai risiti yenye namba ya utambulisho ya kifaa. Bila risiti hiyo, dhamana iliyorefushwa na mtengenezaji huenda isimfae.

Tano, asakinishe masasisho ya mfumo endeshi na ya ubao mama kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe. Wengi huyaacha kwa kuogopa gharama ya data. Lakini masasisho hayo ndiyo njia ambayo kasoro zilizogunduliwa baada ya mauzo hurekebishwa, na kompyuta isiyosasishwa huendelea kuendeshwa kwa vipimo vya siku ilipotoka kiwandani.

Kipimo cha kiwandani hakiwezi kuahidi kwamba chipu haitakosea kamwe. Hupunguza uwezekano wa kukosea mpaka uwe mdogo, na huonyesha mipaka ambayo ndani yake chipu inaweza kuaminiwa. Kwa hospitali inayotunza majalada ya wagonjwa au chama cha akiba kinachotunza fedha za wanachama, maana yake ni kuhifadhi nakala mahali pengine na kulinganisha hesabu mara kwa mara, hata pale kompyuta inapoonekana kuwa nzima.